Rejesho la Kila Jioni

Dada yangu mkubwa anauza chakula Tandika, na kwa miaka yote ya biashara hiyo sijawahi kumwona akinunua kitu cha anasa. Nalitaja hili mapema kwa sababu mazungumzo kuhusu mikopo ya mitaani ya riba kubwa tunayoiita kausha damu huanza karibu kila mara na swali la kwa nini mtu akope asichoweza kulipa, na jibu ambalo wengi tunalo tayari mdomoni ni kwamba akina mama hukopa kwa ajili ya sare za sherehe. Wapo wanaofanya hivyo. Dada alikopa Agosti 2023, baada ya mwanawe kulazwa siku sita na mtaji wote wa chakula kuishia kwenye vipimo na dawa.

Aliomba shilingi 200,000, akakabidhiwa 180,000 kwa kuwa 20,000 zilikatwa kwa jina la fomu, kisha akatakiwa kurejesha 10,000 kila jioni kwa siku 26. Jumla ni 260,000. Alilipa shilingi 80,000 kwa kutumia 180,000 kwa muda usiotimia mwezi, na hata kwa muda huo hakuwa nazo zote, maana zilianza kurudi kwa mkopeshaji siku ya pili tu. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambao kwa mkopo wa 200,000 ni shilingi 7,000.

Siku njema, dada hubakiwa na faida ya shilingi 12,000; siku ya mvua hata 5,000 hazifiki. Wiki ya tatu akakopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza, akatuficha sisi na akamficha mumewe. Hapo nilimlaumu, na bado naona alikosea, kwani tungejua mapema tungechanga. Alikosea pia kutia saini fomu ambayo hakuisoma. Yeye mwenyewe analikubali hilo bila kujitetea, na heshima yangu kwake imezidi kwa sababu hiyo.

Lakini nimejiuliza mara nyingi kama angeisoma ile fomu, angekwenda wapi. Benki ilitaka dhamana na leseni ya biashara, na mtu mwenye meza moja na majiko mawili hana hata kimoja kati ya hivyo. Kikoba chao alikuwa amekwisha kukikopa. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili mwaka huo na haikurejeshwa hadi 2024. Na hata ingekuwapo, hutolewa kwa vikundi, baada ya maandiko ya mradi na vikao, wakati mgonjwa anahitaji dawa leo usiku. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja. Tunapomwambia mtu wa namna hii kwamba tatizo lake ni nidhamu, tunamsifia mkopeshaji bila kujua, kwa sababu hesabu ya mkopo ule ingemshinda hata mwenye nidhamu kuliko sisi sote. Nawafahamu walimu wenye mshahara wa kila mwezi ambao kadi zao za benki, pamoja na namba ya siri, zimo mikononi mwa wakopeshaji.

Dada aliposhindwa kulipa, wakopeshaji walikuja wakachukua jiko la gesi na masufuria makubwa, yaani vile vile ambavyo angevipikia ili apate rejesho.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018 nayo inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Hata hivyo, kabla ya kupewa fedha, dada aliambiwa apeleke barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, akaipata siku hiyo hiyo ikiwa na muhuri. Ofisi ile ilimuuliza dada jina, namba ya nyumba na sababu ya kukopa. Naomba imuulize pia anayekopesha leseni yake na jumla ya marejesho, kabla muhuri haujagongwa.