Fundi cherehani hana mwisho wa mwezi

Mtoa mafunzo aliyekuja kutufundisha akiba alikuwa na kauli moja tu: kila mwisho wa mwezi weka pembeni asilimia kumi. Mwisho wa mwezi upi, bwana? Mimi nashona nguo hapa Wete, Pemba. Mwaka wangu una Ramadhani, una Januari ya sare za skuli, kilichobaki ni kubadilisha zipu na kupunguza suruali. Nikamuuliza, akanijibu "nidhamu". Nikala pilau yao, nikaenda zangu.

Daftari langu linakwenda kwa mwezi mwandamo: Mfunguo Mosi, ndio mwezi wa Idd, Mfunguo Pili, mpaka Ramadhani. Kodi ya mlango ninaposhonea inakwenda kwa kalenda ya ukutani, na Idd kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2024 tulisali tarehe 10 Aprili, 2025 ikawa 31 Machi. Kwa hiyo mwenye mlango namlipa mwaka mzima baada ya Idd. Mwanzo aliguna, siku hizi ananipigia mwenyewe kunipa mkono wa Idd.

Lakini raha yangu ni bei ya Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani. Zamani kumi la mwisho la Ramadhani silali. Vitambaa vimejaa hadi chini ya meza, kila anayepita "fundi, yangu tayari?", na nusu yao wanabeba nguo kwa "nitakulipa baada ya sikukuu". Nikabandika karatasi mlangoni: kanzu ya mtoto ikija Rajabu elfu sita, Shaabani nane, Ramadhani kumi, kumi la mwisho kumi na tano na pesa mbele. Fundi jirani akacheka mpaka akakohoa: "Nani atakumbuka Idd Rajabu?"

Bibi mmoja alikumbuka. Alikuja na wajukuu wote nyuma yake na jora la kitambaa cheupe kichwani. Tabu ni kwamba watoto wanakua, Idd inafika mkono wa kanzu umeshapanda. Basi naacha upindo wa vidole vitatu chini na viwili mikononi, na wiki ya mwisho naufumua bure. Habari ikafika Limbani, ikafika Gando. Sasa pesa ya Rajabu ndiyo inayoninunulia uzi, vifungo na bitana kabla wenye maduka hawajapandisha bei.

Kibati, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, nacho nilikicheza, kura ikaniangukia Ramadhani: pesa ikanikuta ninazo, nikaja kuilipa Mfunguo Nne sina kitu. Siku hizi nabadilishana namba ya zamu na mwenye harusi ya Shaabani, mimi nachukua Mfunguo Tano. Mikopo ya riba siigusi. ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, wana mpango wa hiari kwa sisi tuliojiajiri, nachangia pesa ya Idd ikiwa bado mbichi, maana ikilala ndani siku mbili imeshapata wenyewe.

Kwa hesabu yangu, 2030 itakuwa na Ramadhani mbili, Januari na tena Desemba mwishoni, na Idd itakayofuata itatua Januari 2031, juu ya sare za skuli. Wenzangu wakisikia wanashangilia. Mavuno mawili kwa mkupuo mmoja na mikono ni hii hii, halafu mwaka mzima wa zipu! Mdogo wangu nimeshaanza kumfundisha kukata kola.

Na mnaonunua vifaa mapema, uzi na vifungo sawa. Lastiki msiweke akiba, joto la hapa linailegeza.