Jinsi nilivyotatua tatizo la bolti kukwama kwenye Mosin-Nagant 91/30

Bunduki yangu ya Mosin-Nagant 91/30, niliyoinunua kwa leseni baada ya kuhakikisha kwamba namba za mtutu, bolti (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu na kufunguliwa kwa mkono) na bamba la kitako zinalingana, ilikuwa na tatizo moja: kila mtutu ulipopata moto baada ya risasi kadhaa, bolti ilikuwa ngumu kufunguka, ingawa ilipokuwa tupu na baridi iliteleza vizuri kabisa. Tofauti hiyo ndiyo iliyonielekeza kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Bunduki nyingi za aina hii zilikaa katika maghala ya Kisovieti zikiwa zimepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na mabaki yake yakipata joto hulainika na kung'ang'ania ganda la risasi.

Nilihakikisha haina risasi, nikatoa bolti, kisha nikailowesha chemba kwa mafuta ya taa na kuisugua kwa brashi ya shaba iliyo pana kuliko ile ya mtutu. Kitambaa cha kwanza kilitoka na utando wa kahawia unaonata kama asali. Niliendelea hadi kikatoka safi. Msasa simshauri mtu yeyote autumie, kwa sababu chuma kikishaliwa hakirudi, na chemba iliyopanuka ni hatari kwa mpigaji.

Sasa bolti hufunguka kwa kuisukuma kwa kiganja tu. Aidha, kwa kuwa risasi za zamani za Kisovieti huacha chumvi ambayo mafuta peke yake hayaiyeyushi, kila nimalizapo kulenga shabaha humimina maji ya moto mtutuni, nikaukausha, ndipo nikaupaka mafuta mepesi.