Anatoroka yeye, analipa tantine

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, kuna kijana alipewa pikipiki ya mtu afanye taksi, akaiuza, wakamufunga gereza ya Kasapa. Tantine yake (shangazi) anauzisha samaki soko ya Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, akakamata makuta (pesa) yote ya likelemba, ule mchango wa zamu na wenzake, akaenda kuweka dhamana kwa grefe, ofisi ya karani wa korti, kijana akatoka. Siku ya kesi wanaita jina, kimya. Kumbe alishavuka mpaka wa Kasumbalesa kitambo, iko Zambia anaposti picha na bia mkononi, na tantine bado anadaiwa na wenzake.

Sasa watu wa kartie (mtaa) wanasema eti dhamana si imeliwa, adhabu ameshapata. Adhabu gani jamani? Sheria yetu ya kesi za jinai, ile ya 1959, inasema yale makuta ni ya kuhakikisha mtu anafika, na hata ukihukumiwa unarudishiwa kama ulikuwa unafika vizuri, ila ukikosa bila sababu ya maana inabaki kwa Serikali. Haya, makuta ya nani hapo? Zuzi (hakimu) anaweza kumuhukumu akiwa hayupo, na akimpa kuanzia miezi 3 na anaogopa atakimbia, anaweza kuagiza akamatwe papo hapo, lakini hiyo yote ni hesabu ya pikipiki, kule kutoroka kwenyewe sioni kumepewa miezi yake.

Uingereza wanafanya vingine. Kwa Bail Act ya 1976 kutofika ni kosa lingine la peke yake: mpaka miezi 3 korti ya chini, mpaka 12 korti kubwa, na kwa kawaida inaongezwa juu ya ile ya kosa la kwanza. Hata ukishinda kesi yenyewe, hii inakufuata. Na wengi kule wanaachiwa bila kuweka hata senti moja! Ulikuwa umelazwa hospitali? Sawa, ila ukipata nafuu ujipeleke mwenyewe haraka, usingoje wakutafute.

Mimi ningechukua hiyo ya Uingereza, ijapokuwa Kasapa imeshajaa watu kupita kiasi. Ila huku kwetu zuzi aanze na karatasi ya kuitwa: ilifika kwa nani? Maana kuna zile zinaachwa kwa jirani, avenue ni sawa lakini namba ya parsele (kiwanja) si yenyewe, na mwenye kuitwa anasikia habari wiki mbili baadaye kwa kinyozi. Huyo usimpe hata siku moja ya gereza.