Mbwa wa kwale aliyechechemea: ilikuwa mbegu ya nyasi

Kwa wenye mbwa wa kuwindia kwale na kanga huku Nakasongola, Uganda: mbwa wangu wa aina ya spanieli alichechemea mguu wa mbele, akawa analamba katikati ya vidole usiku kucha. Hapo pana uvimbe: unapasuka, unapona, kisha unarudi palepale. Maji ya chumvi, dawa ya kupaka, sindano za antibiotiki: nafuu ya muda tu.

Kilichosaidia ni kunyoa. Daktari wa mifugo alimchoma sindano ya usingizi, akanyoa manyoya yote ya vidoleni, akamulika tochi kutoka ubavuni badala ya juu. Hapo kikaonekana kitundu, pembeni kabisa mwa uvimbe. Akafuata njia yake kwa kibano chembamba, akavuta mbegu ya nyasi nzima, na mkia wake. Mbegu hizi zina vimiiba vinavyoelekea nyuma kama ndoana. Husonga mbele tu, hazirudi, ndiyo maana dawa peke yake haikufua dafu.

Sasa tukitoka porini, kabla hajapanda gari, napitisha kidole katikati ya vidole vyake, masikioni na kwapani. Nyasi zikikauka, manyoya ya miguuni nayapunguza kwa mkasi. Hapendi hata kidogo, ila kanga mmoja akilia tu, amesahau.