Bastola ya bei nafuu, na daftari langu la risasi

Bastola yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu mbili: ilikuwa ndogo, na bei yake ilikuwa chini kuliko zote kwenye kabati la kioo. Mjomba alikuwa ameshanionya. "Mwanangu, bastola hainunuliwi kwa macho," alisema. Yeye alisimamia uwanja wa shabaha miaka mingi hadi akastaafu, na ndiye aliyenifundisha kushika silaha. Lakini kibali nilikuwa nimeshapata, kuazima kumenichosha, na fedha ya kudunduliza ninayo mkononi. Sikumsubiri.

Mimi ni mshonaji. Mikono yangu ni midogo, na kifundo cha mkono wa kulia kimechoshwa na mkasi wa miaka mingi. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililokuja kuamua karibu kila kitu. Tena kwa kazi yangu ningepaswa kujua mapema. Cherehani ya bei ya chini hukula kidogo kidogo: leo inavunja sindano, kesho inaruka mishono, keshokutwa kipuri chake hakipatikani popote. Nilijua hayo kuhusu cherehani, nikayasahau nilipoona bastola.

Ilikuwa ya risasi ya .380, ile fupi ya milimita 9. Uzito wake haukufika nusu kilo. Nilijiambia kitu kidogo kitakuwa kipole kwa mkono mdogo. Siku ya kwanza uwanjani nilipiga risasi 20 nikaiweka mezani, nikaanza kusugua kiganja. Teke lake lilikuwa kali kuliko la CZ 75, bastola ya Mjomba, ambayo hupiga 9×19, risasi ya milimita 9 yenye ganda refu na nguvu zaidi. Nilidhani nimeshika vibaya. Mjomba akaniambia niishike tena hiyo CZ, nipime uzito. Ni chuma kitupu, karibu kilo nzima. Risasi inapotoka, chuma kile kizito hurudi nyuma polepole zaidi, na teke linafika mkononi likiwa limepoa. Changu kilikuwa chepesi, na mpini wake mwembamba ulikusanya teke lote mahali pamoja, kwenye mzizi wa kidole gumba.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Sikuweza kuikoki vizuri, yaani kuivuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachofunika mtutu! Bastola ya namna ile haina kufuli ya kuunganisha mtutu na slaidi wakati wa kufyatua. Kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na ugumu wa springi, basi. Kwa hiyo mtengenezaji akitaka slaidi nyepesi hana budi kuweka springi ngumu, na springi hiyo unaivuta wewe. Bastola nyingi za 9×19 hufuata njia ya John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani: mtutu na slaidi hurudi pamoja kwa safari fupi zikiwa zimeshikana, kisha mtutu unainama na kuachia. Springi haihitaji kuwa ngumu kiasi kile. Ndiyo maana nilikoki bastola kubwa za watu bila shida, huku ile yangu ndogo ikinitoa jasho. Ukienda kuchagua, koki mara kumi mfululizo mbele ya muuzaji, baada ya kuhakikisha haina risasi. Mara ya kwanza kila mtu anaweza. Ya nane ndiyo itakayokuambia ukweli.

Halafu likaja daftari. Mshonaji huandika kila kitu, vitambaa, vifungo, madeni ya wateja, basi nikafungua ukurasa wa risasi pia. Risasi za bastola kwa kawaida huja boksi la 50. Mimi napiga 100 kwa mwezi, na huo si wingi kwa mtu anayejifunza. Kwa mwaka ni 1,200, maboksi 24. Kwenye daftari langu risasi ziliipita bei ya bastola kabla mwaka haujaisha. Na .380, licha ya kuwa na ganda fupi na baruti kidogo, ilikuwa ghali kuliko 9×19 kwa kila boksi nililonunua. Niliona kama naibiwa. Kumbe 9×19 ni risasi iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902, jeshi la maji la Ujerumani likaichukua mwaka 1904, na leo majeshi na polisi wa nchi nyingi sana wanaitumia. Viwanda huitengeneza kwa wingi usioisha, na wingi huo ndio unaoshusha bei. Kwa hiyo mtu akiniuliza bastola gani ni nafuu, namuuliza kwanza inakula risasi gani.

Magazini nayo, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Yangu ilikuja na moja tu. Mwezi wa tano midomo yake, pale juu inapobana risasi, ilipanuka kidogo sana, unene wa uzi wa kushonea hivi. Tangu hapo kila nilipoijaza bastola ilikwama angalau mara moja, risasi imeelekea juu badala ya kuingia chemba, pale inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Nikaenda kutafuta magazini nyingine. Toleo lile lilikuwa limeshaachwa kutengenezwa. Magazini moja niliyoipata kwa mtu iliombewa fedha ambayo ilinifanya nicheke kwa sauti, na mwenyewe hakucheka.

Mjomba hakuniambia "nilikwambia". Aliuliza tu sasa nataka nini. Nikamjibu: 9×19, ninayoweza kuikoki nikiwa nimechoka, na ambayo magazini zake nitazipata hata miaka kumi ijayo. Kuhusu upya au ukuukuu sikujali tena.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye ulimwengu wa bastola zilizotumiwa na polisi. Idara inapobadilisha silaha, zile za zamani huuzwa, na nyingi zimezeeka kwa nje tu. Zimekaa kiunoni zikasuguana na mfuko wa kuzibebea mwaka baada ya mwaka, rangi ya slaidi imeng'oka kwenye kona, lakini ndani zimepiga risasi chache kuliko za mpenda shabaha wa miaka miwili. Mara nyingi ni za aina ya Glock au Smith & Wesson M&P. Glock 17 ilichukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, na ndugu yake mfupi, Glock 19 ya risasi 15, alitoka mwaka 1988. Faida yao kubwa kwa mtu wa kipato changu ni kwamba vipuri vimejaa duniani, na magazini ndefu ya 17 inaingia kwenye 19 bila tatizo, inachomoza tu kwa chini. Mpini wa Glock niliyoijaribu, toleo la zamani, ulikuwa mnene mno kwangu. Kidole kilifika kwenye kifyatulio kwa ncha tu, na kila risasi ilikwenda kushoto. Watu wengi watakuambia nunua Glock ufunge mjadala. Hawa hawajaishika kwa mkono wangu.

Mjomba alinifundisha kukagua iliyotumika, na ukaguzi wake ulikuwa mrefu kuliko mazungumzo ya mahari. Kwanza anatoa magazini, anavuta slaidi, anatazama chemba, kisha anaingiza ncha ya kidole kidogo ahakikishe, hata kama muuzaji amefanya hivyo mbele yake sasa hivi. Kisha anaomba ruhusa ya kuifungua. Mtutu anauinua kuelekea kwenye mwanga. Uchafu haumtishi, uchafu unasafishika. Anachotafuta ni vishimo vya kutu, na pete nyeusi iliyozunguka ndani ya mtutu. Pete hiyo humaanisha risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake, mtutu ukavimba. Ukiona pete, rudisha, shukuru, ondoka. Halafu reli ambamo slaidi hutembea, kama zimelika upande mmoja. Halafu nyufa, hasa karibu na tundu la kutolea maganda. Springi haimsumbui, maana ni kitu cha kubadilisha na hugharimu kidogo. Akiona springi imelegea anaitumia kushusha bei, tabia ambayo mimi kama mfanyabiashara niliiheshimu sana.

Kuna jambo moja dogo la bastola hizi wanunuzi hulipia bila kujua. Nyingi zina alama za kulengea zinazong'aa gizani kwa tritiamu, gesi yenye mionzi, na muuzaji huzitaja kama nyongeza ya thamani. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Bastola ya miaka kumi na tano ina alama zenye mwanga usiofika nusu ya ule wa mwanzo. Ziangalie ukiwa umezifunika kwa kiganja kabla ya kuzilipia.

Niliyoichukua mwishowe ni M&P ya 9×19, risasi 17, rangi imechujuka kama suruali ya fundi. Aina hii ilitoka mwaka 2005 ikiwa na migongo mitatu ya mpini ya kubadilisha: mdogo, wa kati na mkubwa. Ya kwangu ilikuja na mkubwa peke yake, ile mingine miwili ilipotelea huko ilikotoka. Nilihangaika wiki mbili kuupata mdogo, na nilipouvalisha, kidole kilikaa kwenye kifyatulio mahali pake kwa mara ya kwanza tangu nianze mchezo huu. Kitu kingine nilichokipenda ni namna ya kuifungua. Glock hukutaka ubonyeze kifyatulio kabla ya kutoa slaidi, na watu waliosahau risasi chembani wameshajitoboa hapo. M&P unavuta slaidi nyuma, unashusha wenzo mdogo wa ndani kwa ile ile pini inayoshikilia mgongo wa mpini, na kifyatulio hukigusi. Kwa mtu anayesafisha silaha usiku akiwa amechoka na kazi, hiyo kwangu ni thamani, hata kama haiandikwi kwenye bei.

Je, mpya za bei nafuu? Zipo nzuri. Canik za Uturuki zina kifyatulio laini kuliko nyingi nilizojaribu, zikiwemo za bei ya juu zaidi. Taurus za Brazil na Ruger Security-9 nimezipiga kwa kuazima, hazikunikwamia. Hi-Point ni nafuu kweli kweli, lakini ni ya mfumo ule ule wa uzito na springi, tena kwa risasi ya 9×19, ndiyo maana slaidi yake ni kama kipande cha tofali. Mkono wangu haukuitaka. Ukinunua mpya, usiitangaze kuwa nzima mpaka imepiga risasi 200 bila kukwama, na zitoke kwenye magazini zote ulizo nazo. Ziwekee magazini alama, 1, 2, 3, ili ikikwama ujue mwenye kosa ni nani.

Rivolva, zile bastola za silinda inayozunguka, sitazisema sana. Huambiwa ndizo rahisi kwa anayeanza kwa kuwa hazina magazini wala slaidi, na ni kweli. Lakini kukivuta kifyatulio cha rivolva bila kukoki nyundo kwanza ni kazi ya kilo kama tano kwa kidole kimoja. Kidole changu kilipiga kura ya hapana.

Aibu yangu kubwa ni mfuko. Nilipoona bei ya mfuko wa plastiki ngumu wa kuvaa kiunoni, nikajiambia mimi si mshonaji? Nikashona wa turubai, mishono miwili miwili, kingo nimezipinda vizuri, nikaupeleka kwa Mjomba nikitarajia sifa. Akausifu ushonaji. Kisha akaikagua bastola kuwa tupu, akaielekeza kwenye rundo la mchanga la uwanjani, akaingiza kwenye mfuko wangu, na kwa kidole kimoja akakibonyeza kifyatulio kupitia kitambaa. Ka! Nilinunua ule wa plastiki siku hiyo hiyo. Kasha la chuma lenye kufuli nilikuwa nalo tayari, na vifunika masikio na miwani nilishavinunua kabla ya bastola yenyewe. Hivyo viingize kwenye bajeti tangu mwanzo, vinginevyo utajikuta na bastola kabatini bila hata risasi ya kuijaribia, kama nilivyokuwa mimi mwezi wa kwanza.

Ile ndogo niliiuza mwaka jana kwa kufuata utaratibu wote wa vibali. Mnunuzi, mama mmoja mwenye mikono kama yangu, aliniuliza ina kasoro gani. Badala ya kueleza nikampa daftari. Alisoma kurasa tatu, tarehe kwa tarehe, imekwama, imekwama, magazini, kiganja kinauma. Akalifunga taratibu, akanirudishia, akauliza ile nyingine, ya ukurasa wa nne, kama nayo naiuza.