Tope linalojificha juu ya tairi

Waosha magari wengi hung'arisha bodi na rimu, ila ndani ya madigadi wanapitisha maji tu. Huko ndiko kutu inakoanzia, hasa kwa magari ya pwani: tope lenye chumvi hukaa na unyevu siku nyingi kwenye ukingo wa bati.

Breki zikiwa zimepoa, legeza nati, piga jeki, weka stendi, toa tairi. Lowesha tope dakika 10, kisha sugua kwa brashi ndefu na maji ya sabuni. Pitisha kidole nyuma ya ukingo wa chini. Utatoa udongo mweusi ulioganda kama keki, na majani makavu ndani yake. Bati huoza kuanzia hapo, rangi ya nje ikiwa bado nzima.

Tafadhali, mpira wa shafti (ule unaofunika jointi yenye grisi karibu na gurudumu) usiupige maji ya presha kwa karibu. Ukichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na jointi inaanza kugonga ukikata kona.

Klipu zilizokatika za kushika kava ya plastiki ya ndani ya digadi badilisha, maana kava ikining'inia tairi inaisaga. Oili chafu ya kuzuia kutu msipake kabisa! Inanasa vumbi na kuharibu mipira. Nati kaza kwa kukatiza, yaani moja kisha ile ya upande wa pili, umaliziaji gari likiwa chini.