Anayeimba ni nani?

"Anayeimba ni nani?" mwalimu yule aliniuliza kabla hata mlio wa mwisho wa piano haujazimika.

Nikajibu bila kusita: "Marian Anderson."

Nilikuwa na miaka 19, nimesimama mbele ya jopo la walimu watatu wa chuo cha muziki nilichokiota usiku na mchana, koo limenikauka, na kwa kweli nilidhani nimejibu swali. Kila kitu nilichokifanya katika dakika zile nilikuwa nimekichota kwake, yule mwimbaji Mmarekani Mweusi wa kontralto, sauti ya kike ya chini kabisa.

Kanda yake nilipewa na mwalimu wa kwaya nilipokuwa na miaka 14. Nilikuwa nalalamika kila zoezi kwamba nimewekwa alto, sauti ya chini ya wanawake, huku wenzangu wa soprano, sauti ya juu, wakipewa sehemu zote tamu. "Kasikilize," akaniambia, "halafu uje uniambie kama sauti ya chini ni adhabu." Upande mmoja ulikuwa na nyimbo za Schubert na Brahms, watunzi wa Ulaya, upande wa pili nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi. Sauti ya Anderson ilianzia pale ambapo mimi nilidhani sauti ya mwanamke huishia. Sikurudi kulalamika tena.

Baadaye nikasoma habari zake. Mwaka 1939 alinyimwa ukumbi mkubwa wa Washington kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka, akaimba nje, kwenye ngazi za mnara wa kumbukumbu ya Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000. Ave Maria ya Schubert ilikuwa miongoni mwa nyimbo za siku ile. Nilipolijua hilo, sikuona wimbo mwingine wa kwenda nao kwenye usaili.

Wala hakuwa peke yake kichwani mwangu. Alikuwapo mwimbaji wa opera Jessye Norman, hasa wimbo wa mwisho kati ya zile nyimbo nne ambazo mtunzi Richard Strauss alizitunga mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Katika rekodi aliyoifanya 1982 na kondakta Kurt Masur, Norman anauimba kwa karibu dakika 10. Polepole hivyo, na sauti haitetereki! Nilikuwa nikilala sakafuni gizani, nikijaribu kupumua pamoja naye, nikiishiwa kabla yake kila mara.

Basi siku ya usaili nilichukua rangi ya Anderson na mwendo wa Norman, nikavipachika juu ya wimbo mmoja. Ili sauti iwe nzito na yenye kiza kama ya Anderson nilikandamiza koromeo chini na kuurudisha ulimi nyuma, nikasikia ngurumo nzuri kabisa ndani ya fuvu langu. Sikujua bado kwamba ngurumo ile huisikia mwimbaji mwenyewe tu. Mwimbaji wa opera hana kipaza sauti. Anaipita okestra nzima kwa sababu sauti yake ina nguvu nyingi karibu na hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo vyombo vya okestra vina nguvu kidogo. Ulimi ukirudi nyuma, mng'ao huo huzimika. Kwa hiyo niliimba beti zote tatu nikiwa nimeimeza sauti, na kwa mwendo ule nilikata pumzi katikati ya maneno, si mara moja.

"Namaanisha ndani ya wimbo, mwanangu," mwalimu akasema. "Ni nani anayeomba?"

Nikanyamaza. Nilidhani ni sala ya kanisani basi.

Akanieleza taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Schubert aliutunga mwaka 1825 kutoka katika shairi la Walter Scott lililotafsiriwa kwa Kijerumani. Anayeimba ni Ellen, msichana aliyejificha pangoni pamoja na baba yake, na mzee mmoja anampigia kinubi. Ndiyo maana piano haitulii tangu mwanzo mpaka mwisho: ni vidole vinavyopita juu ya nyuzi. Na katika ubeti wa mwisho, akaniambia, yule mtoto anamwombea baba yake.

Nilikuwa nimeukariri ubeti ule kwa sikio, silabi kwa silabi, kwa miaka kadhaa. Sikuwa nimeuliza hata mara moja unasema nini. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko zile pumzi zilizokatika.

Akanitaka niyaseme maneno tu, bila kuimba. Kisha niyaimbe bila piano, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kusikika nje ya pango. Sauti iliyotoka niliitambua. Ilikuwa ile ile ninayomwitia mtu aliye chumba cha pili. Nyepesi, angavu, haina kiza chochote. Niliona aibu nayo, lakini niliufikisha ubeti mwisho, na pumzi ilitosha.

"Sidhani kama wewe ni kontralto," akasema.

Sijui kama alijua ananinyang'anya nini. Miaka mitano nilikuwa nimejiita mtoto wa Anderson. Machozi yalinilenga pale pale, naye akayaona. Akaniuliza kama namfahamu Leontyne Price, mwimbaji wa opera. Namfahamu, nikasema, na hadithi yake niliijua vizuri, nilikwisha kuwasimulia watu wengi: mwaka 1936, akiwa na miaka tisa, mama yake alimpeleka Jackson, Mississippi, kumsikiliza Anderson, na tangu siku hiyo akataka kuwa mwimbaji.

"Na Price aliimba sauti gani?"

"Soprano, Mwalimu."

Soprano, tena ya Aida, na ya Leonora, wahusika wakuu wa opera za Verdi; kwa Leonora ndiyo aliingia Metropolitan Opera, jumba la opera la New York, mwaka 1961. Ukiziweka rekodi zao mbili pamoja, huwezi kumdhania mmoja kuwa ni mwingine hata kwa noti moja. Hadithi ile niliisimulia mara zote hizo bila kulitazama jambo hilo.

Sikuchukuliwa mwaka ule. Waliniandikia nirudi mwaka unaofuata, nikiwa na Kijerumani ninachokielewa na wimbo mwepesi zaidi.

Usiku nikaitoa kanda. Nilikuwa nimepata tafsiri ya maneno, nikaiandika kwa mkono kwenye karatasi, nikawa naifuata kwa kidole. Ulipofika ubeti wa mwisho nilishangaa jinsi Anderson alivyokuwa akiimba kwa utulivu. Kumbe ngurumo niliyoikumbuka nilikuwa nimeiongeza mwenyewe. Nikarudisha kanda nyuma. Nikausikiliza ubeti wa yule mtoto na baba yake mara nyingine, na nyingine, mpaka betri zikaanza kuchoka na sauti ikashuka yenyewe.